Ploti za Kimumu na Sheria Iliyotungiwa Mashamba

Hatimiliki za Kimumu, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Iten, huanza kwa maneno “Uasin Gishu/Kimumu Scheme”. Anayenunua ploti ya futi hamsini kwa mia ili ajenge nyumba za kupangisha anachukua, kwa mujibu wa rejista, kipande cha skimu ya makazi ya wakulima. Jina hilo hueleza kesi za nyumba za maeneo kama haya vizuri kuliko hadithi tuliyoizoea ya madalali matapeli. Matapeli wapo, na wengine wamenenepa. Lakini waliingilia mlango ambao sheria ilikuwa imeuacha wazi, na sheria yenyewe ni ile ya Udhibiti wa Ardhi, iliyoanza kutumika tarehe 12 Desemba 1967.

Sheria hiyo ilitangaza kuwa mauzo, ukodishaji, rehani au mgawanyo wa shamba ni batili bila idhini ya bodi ya ardhi, nayo idhini iombwe ndani ya miezi sita tangu watu wapatane. Wazo hilo lilitangulia uhuru: mwaka 1944 serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa namna hiyo ili ardhi ya walowezi isiponyoke mikononi mwao. Baada ya uhuru shabaha ikageuka, bodi ikaambiwa izuie mashamba kukatwakatwa hadi yasiweze kulimika. Mji, hata hivyo, hukua kwa kukatakata mashamba. Ardhi ya manispaa haikuguswa na sheria hiyo, lakini mipaka ya mji hutangazwa siku moja ilhali nyumba huota kwa miaka. Ndiyo maana viungani mwa miji ya Kenya watu walitia saini agrimenti, wakalipa kwa awamu, wakamwita serveya aweke bikoni, wakajenga na kuhamia. Bodi haikuulizwa lolote.

Hapo ndipo sheria ilipompa muuzaji silaha. Muamala ukiwa batili, mnunuzi alichoweza kudai ni pesa alizolipa, kama deni la kawaida. Deni la bei ya zamani si kitu mbele ya ardhi ya Eldoret, mji uliopandishwa thamani na vyuo vikuu na fedha za wanariadha. Muuzaji, au wanawe baada ya kumzika, alikuwa na kila sababu ya kuikumbuka bodi ghafla. Majaji wenyewe waligawanyika: mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu mbili zinazopingana, moja ikimlinda mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa ardhi, nyingine ikisema batili ni batili. Mwaka 2018 majaji wa rufani huko Eldoret waliegemea ile ya kwanza, wakitaja maadili ya Katiba ya 2010: aliyepokea pesa na kumwacha mwenzake ajenge huishikilia ardhi hiyo kama amana kwa niaba ya mnunuzi.

Wapo wanaosema bodi iliwaokoa akina mama na watoto wasiuziwe shamba kisirisiri. Hoja hiyo ina uzito, kwani ni kweli bodi nyingi zilitaka kuiona familia. Ila huo ulikuwa utaratibu wa kiutawala. Vigezo vya sheria ya 1967 vilihusu kilimo, ukubwa wa ardhi na bei. Kinga ya wazi ya nyumba ya ndoa, kwamba isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi, imo katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Pingamizi la pili linanisumbua zaidi: huruma ya mahakama humwumiza mgeni. Amana ya namna hii haiandikwi kwenye rejista, hivyo mnunuzi mpya au benki inaweza kufanya upekuzi, ikapata hati safi, kumbe kuna familia inayoishi humo kwa haki. Nayo Mahakama ya Juu, mwaka 2023, ilisema hati pekee haitoshi ikiwa chimbuko lake lina kasoro.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ndani ya jiji hoja ya bodi hupungua nguvu kwa agrimenti za leo, lakini zile kuukuu hupimwa kwa hali ya ardhi siku zilipotiwa saini. Na pale hati mama ingali kwa jina la marehemu, aliyenunua kipande hawezi kupata hati yake mpaka mirathi ya muuzaji ifunguliwe, na mara nyingi wenye haki ya kwanza ya kuifungua ni walewale wanaotaka ahame.