Daftari la Mjomba: Nani Aliyaua Mashirika ya Umma?

Katika semina moja ya jioni mwezi uliopita, mwanafunzi wangu mmoja, mtumishi wa serikali aliyerudi chuoni kuongeza elimu, alisema kwa uhakika kabisa kwamba mashirika yetu ya umma yaliuawa na wafanyakazi wake. Walichelewa kazini, waliiba, waligoma, wakazoea kupokea mishahara bila kuzalisha. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Sikumjibu siku ile. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa na hasira ndani yake, na hasira si hoja.

Maelezo yale si yake peke yake. Ndiyo yaliyozoeleka tangu miaka ya 1990, viwanda na mashirika yalipouzwa na maelfu ya watu wakapunguzwa kazi. Aliyepunguzwa alipewa kiinua mgongo, pengine kwa kuchelewa, na juu yake akapewa lawama. Ninachotaka kuuliza ni hiki: wafanyakazi wenyewe walikuwa wanasema nini juu ya mashirika yao, wakati mashirika hayo yalipokuwa hai bado?

Kwanza tukumbuke walikuwa wamefungwa mdomo kiasi gani. Sheria ya mwaka 1962 ya kusuluhisha migogoro ya kazi iliufanya mgomo halali kuwa jambo karibu lisilowezekana. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko dhidi ya shirika la serikali aliyapeleka kwa chama ambacho kiongozi wake aliketi katika baraza la mawaziri. Msomaji ajaze mwenyewe kilichofuata.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na kwa muda mfupi mabenki, makampuni ya biashara na viwanda vingi vikawa mali ya umma, kikamilifu au kwa hisa nyingi. Mwenye mali alibadilika. Aliyeketi katika ofisi ya meneja mara nyingi hakubadilika, kwa kuwa serikali iliingia mikataba ya uendeshaji na makampuni yaleyale ya kigeni. Na pale alipobadilika, wafanyakazi walimwona ndugu yao Mwafrika akirithi gari, nyumba na sauti ya aliyemtangulia. Mitaani watu wa namna hiyo waliitwa naizesheni. Neno hilo lilikuwa kejeli, lakini pia lilikuwa uchambuzi wa kisiasa, na haukutoka chuo kikuu.

Februari 1970 Rais Nyerere alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi. Yalikuwa ya kushauri tu. Mwaka mmoja baadaye, wiki chache baada ya Idi Amin kumpindua Obote nchini Uganda, TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Waandishi wake, nadhani, walikuwa na hofu ya mapinduzi na walitaka kumkaribia mwananchi. Hawakutarajia kwamba mwananchi angeisoma ibara ile kama sheria.

Lakini aliisoma. Kati ya 1971 na 1973 viwanda na makampuni, hasa ya Dar es Salaam, vilikumbwa na mfululizo wa migomo, na mahali pengine wafanyakazi waliwafungia mameneja nje ya lango. Issa Shivji aliishughulikia migomo hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na jambo moja katika historia hiyo lingepaswa kumshtua mwanafunzi wangu: mingi kati yake haikuhusu mshahara. Wafanyakazi walilalamikia matusi na dharau. Walilalamikia pia upendeleo, matumizi mabaya ya mali, na uendeshaji mbovu. Mtu anayeacha kazi kwa sababu mashine inaharibiwa na fedha ya shirika inachezewa hawezi kuitwa mvivu bila maelezo ya ziada.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, cha mtu binafsi, walikwenda mbali zaidi. Walikitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha. Wengine walipotaka kufuata njia hiyo, sauti ya serikali ilibadilika. Waliokuwa wakisifiwa kwa mwamko wakaambiwa sasa wanavuruga nidhamu, na wako waliofukuzwa kazi. Ibara ya 15 haikufutwa. Iliacha tu kutajwa, na kusema kweli kimya cha namna hiyo hufanya kazi vizuri kuliko kufuta.

Sisemi kwamba wafanyakazi walikuwa malaika. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo cha umma tangu miaka ya 1970, na sote nyumbani tulivaa vitambaa ambavyo havikupita dukani. Aliuita mgawo wake. Miaka ya 1980, mshahara wa kima cha chini ulipokuwa hautoshi hata chakula cha mwezi, mgawo ule ulikuwa mkubwa zaidi, na hakuona haya kuusimulia.

Ila mjomba aliacha pia daftari. Ni daftari la shule, la mistari, ambalo shangazi alinipa baada ya maziko. Nadhani alilianzisha ili kujilinda, maana msimamizi wake alikuwa na desturi ya kuwaandikia watu barua za onyo kwa kutofikisha lengo la zamu. Kwa hiyo kila siku aliandika kwa nini lengo halikufikiwa. Kipuri cha mashine namba fulani kimeagizwa, hakijafika. Umeme umekatika saa nne. Uzi hakuna, tumefagia. Meneja yuko safarini. Uzi umekuja, si wa kipimo chetu. Kikao cha baraza kimeahirishwa.

Huo ulikuwa wakati ambapo vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na viwanda vingi vilifanya kazi chini sana ya uwezo wake. Sehemu ya mambo aliyoyaandika hakuna meneja ambaye angeyaweza. Lakini sehemu nyingine, kama uzi usio na kipimo, vikao visivyofanyika na mashine iliyosubiri fundi ambaye yumo humohumo kiwandani katika idara nyingine, haikuhitaji dola hata moja. Mjomba alizitenganisha. Mambo ya kwanza aliyaandika kwa kalamu ya bluu, ya pili kwa nyekundu.

Nilimwuliza shangazi kama aliwahi kumwonyesha mtu daftari lile. Alisema alilipeleka mara moja kwenye tawi la JUWATA, chama kilichochukua nafasi ya NUTA mwaka 1978. Katibu alilipokea kwa heshima, akalisoma, akamrudishia, akamshauri asiandike kwa wino mwekundu.

Kiwanda kilibinafsishwa, kisha kikafungwa, na sehemu yake leo ni maghala ya bidhaa zinazotoka nje. Jumatano ijayo nitakwenda na daftari darasani, na mwanafunzi wangu ndiye nitakayemwomba alisome kwa sauti.