PHP, obijekti na ramani ya Ushahidi

Huku Dodoma upepo ndo kama kawaida yake, vumbi mpaka kwenye kibodi. Leo libeneke ni la historia kidogo.

Sisi wa ualimu tutakaofundisha kompyuta tunakaririshwa kwamba klasi ni mchoro wa nyumba na obijekti ni nyumba yenyewe. Sawa. Sasa mwanafunzi akikuuliza "mwalimu, inasaidia nini?" utamjibu nini? Jibu langu mimi liko Nairobi, ila tuanzie mbali kidogo.

Klasi na obijekti zilizaliwa Norway, kwenye lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. PHP ilikuja baadaye sana. Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka 1995, vijiprogramu tu vya kuendeshea ukurasa wake binafsi. Obijekti hazikuwemo. Zilichomekwa kwenye PHP 3 mwaka 1998, na hata PHP 4 ya mwaka 2000 bado ilikuwa na kituko: ukiipeleka obijekti sehemu nyingine ya programu, lugha inatoa nakala. Ni kama notsi. Mwenzako akisahihisha kosa kwenye fotokopi yake, daftari lako linabaki na kosa lile lile! PHP 5, Julai 2004, ndo ikaleta utaratibu wa wote kushika daftari moja, na kurasa nyingine unaweza kuzifunga zisiguswe na wa nje.

Haya, twende Kenya. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 zilizuka ghasia, watu zaidi ya 1,000 wakafa na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Serikali ikazuia matangazo ya moja kwa moja. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh akaandika kuomba mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya yanayotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaingia kazini, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Mwananchi anatuma ripoti kwa SMS au intaneti, tukio linaonekana kwenye ramani.

Lakini kitu cha dharura kinaishia kwenye dharura yake. Je, janga likitokea nchi nyingine? Baadaye jamaa wakaijenga upya kwa PHP, juu ya fremuweki ya Kohana inayodai PHP 5, wakaigawa bure. Ripoti ina klasi yake, eneo lina klasi yake, aina ya tukio nayo hivyo hivyo. Anayetaka njia mpya ya kupokea taarifa anaandika kipande chake, hachokonoi sehemu inayochora ramani.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko likaipiga Haiti. Ndani ya saa chache ramani ya Ushahidi ilikuwa imefunguliwa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, wakawa wanakesha kusoma taarifa na kuziweka mahali pake. Wanafunzi kama mimi na wewe, jamani, kwa kazi iliyoanzia Kenya!

Tusidanganyane, obijekti si muujiza. WordPress ya mwaka 2003 ilienea dunia nzima ikiwa imejaa fanksheni za kawaida. Ila timu ndogo iliyotawanyika nchi mbalimbali, huku watu wasiofahamiana wakiongeza vipande vyao, inahitaji mipaka iliyo wazi: hapa shika, hapa usiguse. Obijekti zinasaidia hapo.

Ndo maana nikishika chaki sitaanza na mchoro wa nyumba. Nitaandika ubaoni ripoti moja: wapi, lini, nini kimetokea, imethibitishwa au bado. Halafu nitawauliza: kati ya hivi vinne, kipi mtu wa nje asiruhusiwe kukibadilisha, na kwa nini? Wakibishana hapo, somo limeshaanza.

Tuko pamoja.