Plagi Zinazokufa Kimya: Historia Fupi ya Hita za Dizeli Eldoret

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Wengi wetu tunaijua namba hiyo kwa sababu ya wanariadha: hewa nyepesi, mapafu makubwa, medali. Lakini kuna watu wengine wanaoamka mapema kama wakimbiaji na kupambana na hewa hiyohiyo, na hakuna anayewapigia makofi. Ni dereva wa pikapu ya maziwa, makanga wa matatu ya kwanza kwenda Nairobi, mkulima wa ngano kule Moiben. Wao hupambana na injini ya dizeli iliyolala nje usiku kucha.

Tuanze na injini yenyewe. Ya petroli huwashwa na cheche. Ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefaulu kuendesha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja: hewa ikishindiliwa kwa nguvu, hupata joto. Yeyote aliyejaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu ile inavyochemka. Ndani ya silinda joto hupanda mpaka dizeli ikinyunyizwa inawaka yenyewe. Shida ni asubuhi. Chuma kikiwa baridi, kinainyonya ile joto kabla mafuta hayajashika. Na hapa Eldoret hewa yenyewe ni haba: shinikizo lake ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Alfajiri za Julai zinaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Baridi na mwinuko, yote kwa pamoja.

Ndiyo maana gari lililotoka bandarini likiwaka kwa mguso mmoja linaweza kugoma likilala usiku wake wa kwanza huku juu. Ugonjwa lilikuwa nao tangu mwanzo. Joto la Mombasa liliuficha tu.

Mji wenyewe haukuanza na injini. Makaburu waliotoka Nakuru mwaka 1908 walipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai, na maksai hahitaji kupashwa moto asubuhi. Posta ilijengwa kwenye shamba namba 64, na mpaka leo wazee wanauita mji huu Sisibo. Reli ilifika 1924. Baadaye yakaja matrekta na injini za kusaga unga, na pamoja nayo swali jipya: ukiikuta mashine imepoa, unaiamshaje?

Jibu moja lilikuwa kijiti cha chuma chenye uzi wa umeme ndani yake, kinachochomekwa kwenye kichwa cha injini na kuwa chekundu kama kaa kwa sekunde chache kabla ya kupiga stata. Waingereza waliziita plagi za hita, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni mwa mafundi wa Kenya: hita plagi, au hita tu. Si kila injini inazihitaji. Malori mengi makubwa hunyunyiziwa mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo joto halipotei sana. Injini ndogo za zamani zilikuwa na chumba kidogo cha pembeni ambamo mafuta huanza kuwaka. Chumba hicho hupunguza kelele, lakini kuta zake hula joto. Bila hita, asubuhi ni ya kusukumana.

Land Rover ilianza kuuzwa na injini ya dizeli mwaka 1957. Hita zake nne zilifungwa kwa mfuatano: umeme ukitoka plagi ya kwanza unaingia ya pili, halafu ya tatu, mpaka ya nne. Ni kama watu walioshikana mikono kuvuka mto. Mmoja akiachia, wote wamekwenda na maji. Ulikuwa mfumo wa kukera, lakini ulikuwa mkweli. Uzi mmoja ukikatika, zote zilipoa, na kila mtu alijua kuna shida. Fundi alichukua kipande cha waya, akairuka plagi moja baada ya nyingine, na pale umeme uliporudi ndipo palipokuwa na maiti. Mtu angeweza kujifunza kazi hiyo bila kusoma kitabu chochote. Wengi walijifunza hivyo: kijana anashika spana, mkubwa anaelekeza, jua linawaka juu. Mwaka 1972, wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti iliyoutambulisha ulimwengu kwa wafanyakazi kama hawa wa Kenya, wa sekta isiyo rasmi. Sisi tuliwaita jua kali.

Kisha mambo yakabadilika. Kuanzia miaka ya 1970 watengenezaji walizidi kuhamia plagi zinazofungwa sambamba, kila moja ikipata umeme wake. Moja ikifa, tatu zinaendelea. Ni maendeleo, hakuna ubishi. Lakini hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kujificha. Gari linawaka, ila kwa taabu. Linatetemeka dakika moja hivi, linatoa moshi mweupe unaouma macho, yaani dizeli mbichi ambayo haikuungua, halafu linatulia. Mwenye gari anasema, "Ah, ni baridi tu." Mwezi ujao inakufa ya pili. Sasa anapiga stata mpaka betri inalala. Ananunua betri mpya. Stata nayo inaungua kwa kuteswa. Halafu anatokea mtu wa kumwambia, "Mkubwa, hii ni pampu." Na kufungua pampu ya dizeli kunaweza kumlazimu mkulima auze ndama.

Mimi naona hapo ndipo historia ya kifaa hiki inapotuhusu. Kila kizazi cha magari kilipunguza usumbufu wa dereva na kuongeza ukimya wa kasoro. Na ukimya una bei, na anayeilipa ni yule mwenye pesa kidogo ya kupoteza kwa kubahatisha.

Hiace na Nissan zilizojaa barabarani kutoka Japani zilileta mtego mwingine. Baadhi ya Toyota za dizeli zilikuwa na hita za volti 6 kwenye gari la volti 12. Relei na taima ndizo zilizozilinda: moto mkali kwa muda mfupi, kisha umeme unapunguzwa. Taima ikiharibika, njia ya mkato ilikuwa kuvuta waya kutoka kwa betri, kuweka kitufe kwenye dashibodi, basi. Asubuhi ya kwanza gari inashika vizuri sana. Kidole kikikaa kwenye kitufe sekunde chache zaidi, ncha zinavimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Siku ya kuzitoa hazitoki kwenye tundu lake, na ikikatikia ndani, huenda kichwa kizima cha injini kikafunguliwa.

Fundi mzuri hufuata mpango uleule wa enzi za Land Rover, wa kuanza na kipimo cha bei rahisi. Anatoa ubao wa chuma unaoziunganisha hita. Anachukua balbu yenye nyaya mbili, mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye kichwa cha kila plagi. Balbu ikiwaka, uzi wa ndani ni mzima. Isipowaka, plagi imekufa. Zote zikiwa nzima, anauliza kama umeme unafika: fyuzi, relei, taima. Plagi zinazokaidi anazilegeza injini ikiwa na joto, kwa mafuta ya kulainisha kutu na subira. Ncha ikiwa imeliwa upande mmoja, anamtazama jirani yake: nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza. Na hapulizi dawa ya kuwashia kwenye injini ambayo hita zake zinafanya kazi, kwa sababu mvuke ule ukikutana na kaa la moto hulipuka kabla ya wakati wake.

Magari ya sasa yana kompyuta inayozisimamia hita, na zingine ni za kauri zisizovumilia kuguswa na waya wa betri hata kidogo. Kipimo ni mashine ya kusoma kompyuta, na si kila gereji inayo. Lakini hata mashine ile hutaja silinda namba fulani na kunyamaza. Kwa nini imekufa, na kwa nini ni hiyo tu, hilo bado ni swali la mtu. Kwa hiyo ukiambiwa asubuhi ya Julai kwamba pampu imekwisha, uliza kwanza: hita zimepimwa?