Nyinyi ni wa Nani?

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu kutafuta kitambulisho. Tunaishi Ngoingwa, kwenye ploti ya kupanga. Tukaambiwa fomu haiendi mbele kabla ya chifu kuweka sahihi, na chifu naye hatutambui bila mzee wa mtaa. Mzee tukampata. Akatuangalia, akauliza, "Nyinyi ni wa nani?"

Tumekaa hapa miaka sita. Kodi tunalipa. Lakini wa nani? Wazazi wako mbali, na majirani wetu wengi tunajuana kwa rangi ya geti tu. Nilirudi nyumbani na hasira, nikaanza kusoma hawa watu walitoka wapi.

Nyanya yangu angelielewa swali hilo mara moja. Kwake yeye serikali ilikuwa chifu. Juu ya chifu kulikuwa na DO, juu ya DO kuna DC, halafu PC, na huko mwisho kabisa Gavana wa Mwingereza. DC ndiye aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ya nyumba, akasikiliza kesi kama hakimu, akatoa amri kwa polisi. Mkono mmoja ulikushika, ukakushtaki na kukuhukumu.

Mtindo huo Waingereza waliufanyia mazoezi India. Kule mkubwa wa wilaya aliitwa Collector, yaani mkusanyaji, cheo kilichoanza mwaka 1772 chini ya Warren Hastings. Kazi ilikuwa kwenye jina: lete kodi. Nasi tulirithi mengi kutoka huko. Hadi 1920 pesa yetu ilikuwa rupia, na hadi 1930 sheria ya jinai iliyotumika hapa ilikuwa ya India.

Lakini DC alikuwa na shida moja: hakujua watu. Hakujua nani ana mke wa pili, nani amehama, nani amejificha shambani kukwepa kodi. Kwa hivyo sheria ya mwaka 1902 ikaruhusu kuteuliwa kwa wakuu wa vijiji. Wagikuyu hawakuwa na machifu. Waliamuliwa na mabaraza ya wazee. Chifu alizaliwa kwa karatasi. Akajua kila boma, na ujuzi huo akautumia kuleta kodi na vibarua. Harry Thuku alipopinga kodi, kipande na wasichana kulazimishwa kazi, alikamatwa Machi 1922. Waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi, na Muthoni Nyanjiru akafa hapo.

Ungedhani uhuru ungeifagia ngazi hiyo yote. Wapi! Katiba ya 1963 ilitupa majimbo, lakini miaka michache tu baadaye yalikuwa yamekufa, na PC na DC wakawa macho ya Rais mashinani. Kuanzia 1983 DC aliongoza kamati ya maendeleo ya wilaya, kwa hivyo hata miradi ilipitia mezani kwake. Ukitaka kufanya mkutano wa hadhara, ulihitaji leseni. Mwaka 1988, watu walipopiga kura za mlolongo kwa kusimama nyuma ya mgombea, maafisa wa utawala ndio waliosimamia hesabu. Foleni fupi iliweza kushinda ndefu, na kila mtu aliona kwa macho yake.

Mipaka ilikuja kwa kusukumwa. Mageuzi ya 1997 yaliondoa leseni ya mikutano na kupunguza makali ya sheria ya machifu. Katiba ya 2010 ikasema utawala wa mikoa upangwe upya ndani ya miaka mitano ili ulingane na ugatuzi. Rais Kibaki alipoteua makamishna 47 wa kaunti mwaka 2012, Mahakama Kuu ilisema uteuzi ulikiuka Katiba. Lakini sheria ya 2013 ikawapa makamishna nafasi rasmi. DC akabadilisha jina tu. Leo gavana tuliyemchagua hawezi kumwamuru kamishna, na chifu hawezi kuiamuru kaunti irekebishe barabara yako. India nako, mabaraza ya vijiji yanayochaguliwa yaliwekwa kwenye katiba kwa marekebisho ya 1992, na Collector bado yupo.

Mdogo wangu alipata sahihi. Mama mboga wa kona alisikia tukibishana, akasema, "Hao ni watoto wangu, nawajua." Mzee akatoa kalamu.

Nilimshukuru, lakini swali lilinibakia. Bila kitambulisho huwezi kupiga kura, kusajili laini, wala kuandikwa kazi ya maana. Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu DC amhitaji mtu wa kumwambia nani ni nani, na bado serikali inatujua kwa mdomo wa jirani. Kuna kijana wa ploti ya pili, alihamia juzi, hanunui mboga pale kwa kona. Yeye atasemewa na nani?