Gobori, Kiasi na Wenzo: Habari za Bunduki za Mawindo katika Mrima wa Tanga

Katika zama ambazo majahazi ya Unguja yalikuwa yakitia nanga mbele ya Pangani, Tanga na Saadani kushusha merikani, shanga, masango na vipipa vya baruti, na kupakia pembe za ndovu zilizotoka Umasaini na nyanda za Kilimanjaro, mwindaji wa Mrima alikuwa na jambo moja la kuuliza kabla ya kununua bunduki, nalo halikuwa uzuri wa tako lake wala urefu wa kasiba yake, bali ni hili: nikiwa mwendo wa siku kumi mbali na pwani, bunduki hii nitailisha nini? Swali hilo, ambalo mwindaji wa leo aliye karibu na duka huliuliza mwisho, akisha kuvutiwa na mengine yote, ndilo lililoamua kwa muda wa karne nzima ni silaha ipi ikae Mrimani na ipi ipite njia, na kwa rai yangu ndilo linaloeleza kwa nini bunduki ya wenzo, iliyotukuzwa katika misitu ya Marekani, ilipita pwani yetu mikononi mwa wageni isiache mrithi.

Gobori halikuwa mlaji mchaguzi. Mwenyewe alimimina baruti mdomoni mwa kasiba, akashindilia kwa mdeki kitambaa au makumbi, kisha akatia risasi aliyoiyeyusha kwa mkono wake, au, risasi ikikosekana, kipande cha chuma na hata vijiwe, akashindilia tena, akanyunyiza baruti kidogo kwenye kisahani cha gumegume, au akavika fataki kama gobori lake lilikuwa la namna mpya zaidi, ndipo akawa tayari kwa pigo moja tu, ambalo likienda upande alihitaji muda wa kuisoma Fatiha na sura fupi baada yake kabla ya kuwa tayari kwa la pili. Mvua ilimnyima moto, umande uliilowesha baruti, na moshi mzito ulimfumbia mnyama na mwindaji pamoja. Katika hatua hamsini shabaha yake ilikuwa ya kutumainiwa, na katika hatua mia ilikuwa ya kuombewa dua. Lakini mhunzi aliyejua kufua jembe aliweza kuutengeneza mtambo wake ukivunjika, na baruti ilipatikana kila bandari, wala hakuna safari iliyokatizwa kwa sababu risasi za gobori zimekwisha maadamu palikuwa na chuma na moto.

Silaha hizi hazikuundwa kwa ajili yetu. Majeshi ya Ulaya yalipoanza, katikati ya karne ya 19, kuacha bunduki za kushindiliwa mdomoni na kushika zile za kutiwa kwa nyuma viasi, yaani risasi na baruti zilizofungwa katika ganda moja, maghala yao yalijaa silaha kuukuu zisizotakiwa tena, na wafanyabiashara wakaona faida ya kuzisafirisha kwa maelfu hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Mrima. Wamarekani wa bandari ya Salem walikuwa wamekwisha kutangulia katika biashara hiyo, na ni jambo la kutazamwa kwamba mkataba ambao nchi yao ilifunga na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, mwaka 1833, pamoja na kuwapa uhuru wa kuuza bidhaa zao, uliweka sharti kwamba bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kisiwani Unguja ila kwa serikali yenyewe. Maana Sayyid alijua vema kwamba bidhaa hii haifanani na nguo, na kwamba aliyeuziwa leo huweza kesho kuja kuzungumza na aliyemwuzia kwa lugha nyingine.

Hayo aliyoyahadhari Sayyid kisiwani yalitokea milimani. Mmisionari Krapf alipopanda Usambara mwaka 1848, na wasafiri Burton na Speke walipofika Vuga kutoka Pangani mwanzoni mwa mwaka 1857, walimkuta Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, akitawala nchi iliyotoka milimani ikakaribia bahari, na ufalme wake ulisimama juu ya haiba ya ukoo na madaraka ya mvua zaidi kuliko juu ya silaha. Alipokufa, kiasi cha mwaka 1862, kiti kikaenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Lakini mwanawe mmoja, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde chini ya mlima, penye njia ya misafara ya Pangani, na hapo ndipo pembe zilipopita zikishuka na bunduki na baruti zikipita zikipanda. Mwenye njia akawa na nguvu kuliko mwenye kiti. Semboja alimwondoa mpwa wake Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe, naye akabaki Mazinde kwenye biashara yake, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi ambavyo viliwapeleka watu wengi utumwani kuliko ndovu wowote waliowahi kuanguka kwa magobori hayo.

Tukirudi kwenye mawindo, ndovu hakuwa mnyama wa kuendewa na mtu mmoja mwenye pigo moja. Mafundi wa ndovu, ambao Wamakua walisifika miongoni mwao kuliko watu wote, walikwenda kwa makundi, wakinyemelea upande usio na upepo hadi karibu sana, kisha wakapiga kwa pamoja, na aliyesalimika kutokana na hasira ya ndovu alishukuru Mungu na kuanza kushindilia upya. Pangani ilikuwa na matajiri wa biashara hii waliojulikana hadi ng'ambo ya Umasaini. Mmojawapo ni Jumbe Kimemeta, ambaye Count Teleki wa Hungaria, alipoanza safari yake kutoka Pangani mwaka 1887, safari iliyomfikisha mwaka uliofuata kwenye ziwa tunaloliita leo Turkana, alimchukua kuwa kiongozi wake kwa sababu njia zote za pembe alizijua kichwani. Teleki alikuwa na bunduki nzito za Ulaya, naye aliua ndovu wengi. Lakini maarifa ya wapi ndovu wanakaa yalikuwa ya mtu wa Pangani.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa Kizungu waliotaja mawindo ya pwani aghalabu hawakulitia maanani, nalo ni sharia. Watu wa Mrima ni wa madhehebu ya Shafii, na vitabu vya fiqhi vya zamani vilizungumza habari za mshale, mkuki, mbwa na kipanga, vyombo ambavyo ama hutoboa kwa makali ama hukamata kwa kucha. Bunduki ilipokuja, maulamaa wakahitilafiana kama risasi hutoboa au huponda, na wengi wa Kishafii wakashikilia kwamba mnyama aliyekufa kwa risasi si halali kuliwa, ila akidirikiwa angali na uhai akachinjwa, ilhali baadhi ya Wamaliki waliruhusu. Kwa sababu hiyo mwindaji wa paa na funo alisoma bismillahi kabla ya kufyatua, na mara moshi ulipotoka alikuwa amekwisha kutupa gobori lake chini, mbio na kisu mkononi. Mtu wa namna hii hakutaka bunduki ya kupiga mbali. Mnyama akiangushwa hatua mia tatu hufa kabla ya kufikiwa, na nyama ikawa ya fisi. Aliyepigwa hatua thelathini hufikiwa angali anapumua. Kwa hiyo ufupi wa shabaha ya gobori, ambao mgeni aliuona kuwa ni dosari, kwa mwindaji mcha Mungu haukumpunguzia kitu chochote alichokihitaji.

Sasa niseme habari za wenzo. Bunduki hii, iliyoanza kutengenezwa Marekani kwa jina la Henry mwaka 1860, na tangu mwaka 1866 kwa jina la Winchester, hubeba viasi vyake ndani ya bomba lililolazwa chini ya kasiba, na mpigaji, bila kuondoa tako begani, huusukuma chini wenzo ulio nyuma ya kidole chake na kuurudisha, na kwa tendo hilo moja ganda tupu hutupwa nje, kiasi kipya huingia, na mtambo huwa umekwisha kutegwa. Kwa kuwa viasi hulala bombani kimoja nyuma ya kingine, risasi zake hufanywa butu, isije ncha ya moja ikaigonga fataki ya mwenziwe. Na risasi butu huchoka upesi angani. Lakini katika kichaka cha Mrima, ambapo macho hayaoni hatua sitini na ngiri huvuka njia kama aliyerushwa, uchovu huo haudhuru, na wepesi wa pigo la pili pamoja na ufupi wa silaha yenyewe ni neema. Nathubutu kusema kwamba, kwa umbo la nchi peke yake, hakuna bunduki iliyotufaa zaidi.

Na ilikuja. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na Winchester moja na Henry moja, kila moja ya mapigo kumi na sita, na katika mzigo uo huo yalikuwamo magobori 24 ya gumegume kwa ajili ya walinzi wake. Hesabu hiyo yatosha. Kiasi cha shaba hakifuliwi na mhunzi wa Bondei wala hakiyeyushwi motoni. Msafiri aliyevileta vya kwake alivimaliza au alirudi navyo, na wenzo usio na kiasi si bunduki bali ni rungu la thamani kubwa. Tena mtambo wake, wenye vipande vidogo vingi, haukupenda chumvi ya upepo wetu, na fundi wa kuutengeneza hakuwapo.

Huenda hayo yangebadilika kwa wakati, kwa maana kufikia miaka ya 1880 bunduki za viasi zilikuwa zimeanza kuonekana sokoni, na balozi wa Kiingereza Unguja, Euan-Smith, alikuwa mwaka 1888 akiionya serikali yake kwamba biashara ile isipozuiwa, Waafrika wengi watakuwa na silaha bora kama za Wazungu. Mwaka uo huo Kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilishika bandari za Mrima, Pangani ikasimama pamoja na Abushiri bin Salim al-Harthi, na Saadani pamoja na Bwana Heri bin Juma. Hivyo ndivyo vita ambavyo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alivitungia utenzi. Wissmann, jemadari wa Wadachi, aliitwaa Pangani na Tanga Julai 1889, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba, na Bwana Heri akasalimu amri Aprili 1890. Haikupita miezi mitatu, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mapatano ambayo, pamoja na kupiga vita utumwa, yalikataza kuingiza bunduki za viasi na zenye mifuo katika nchi kubwa ya Afrika iliyo kati ya kaskazini na kusini, yakaruhusu gobori lisilo na mifuo na baruti ya kawaida.

Kwa hiyo jambo ambalo kwanza lilikuwa hiari ya mwindaji sasa likawa hukumu juu yake. Gobori alilolishika kwa sababu ya wepesi wa chakula chake akaambiwa ndilo pekee analostahili, na mwaka 1896 Wissmann, sasa akiwa gavana, alitoa amri ya mawindo iliyomtaka mwindaji awe na ruhusa ya kuandikwa, na kutenga nchi ambazo wanyama wake wasipigwe. Wageni nao waliendelea kuchagua watakavyo: Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya mwaka 1895, ambayo viasi vyake hukaa katika kisanduku badala ya bomba, na ndiyo aliyoiamini kwa simba.

Hata askari wa Wadachi hawakupewa silaha zilizo bora. Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi la Bara Hindi Tanga, wengi wa askari waliowapinga walikuwa na Mauser ya mwaka 1871, ya baruti ya moshi, iliyomtangaza mpigaji kila alipofyatua. Nao baada ya ushindi, kwa hesabu ya jemadari wao Lettow-Vorbeck, waliokota bunduki za kisasa za kutosha makampuni matatu, bombomu 16, na, lililo kubwa kuliko yote, risasi 600,000 za kuzilisha.

Mawindo ya Mrima yenyewe yalikuwa yamekwisha kubadilika. Miche 62 ya mkonge iliyosalia hai kati ya 1,000 aliyoiagiza Mdachi Hindorf mwaka 1893 ilizaa mashamba yaliyomeza vichaka kutoka Pangani hadi Korogwe, ndovu wakarudi nyuma, na mnyama aliyebaki kumshughulisha mwenye gobori akawa nguruwe mwitu, adui wa muhogo na mahindi, ambaye habari zake hazina hitilafu ya maulamaa. Mlinzi wa shamba alimngojea juu ya dungu usiku kucha kwa pigo lake moja. Akimpata alimwachia asiyekatazwa kumla, na baruti iliyosalia akaihifadhi kwa ajili ya harusi, ambako gobori lilipigwa hewani bila risasi na bila kumwomba mtu ruhusa.