Mavazi ya kufaa katika safari ya meli msimu wa Krismasi

MGENI ni kuku mweupe, walisema wahenga, na huenda hakuna mahali ambapo kauli hii hudhihirika zaidi kuliko katika ukumbi wa chakula wa meli ya kitalii usiku wa Krismasi. Nauli, malazi na chakula hulipiwa mapema. Linalobaki kuwatatiza wanaosafiri kwa mara ya kwanza, hasa wazazi wanaoalikwa na watoto wao walioko Marekani, ni nguo za kufungasha.

Makala haya yanaangazia safari ya juma moja katika visiwa vya Karibea kutoka bandari za Miami na Fort Lauderdale, jimboni Florida. Safari hizi huwavutia watu wengi sana mwezi Desemba.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba meli si mahali pamoja. Mchana huwa kama ufuo wa bahari, jioni hugeuka ukumbi wa karamu, na kila inapotia nanga abiria hushuka katika nchi nyingine yenye sheria zake. Kwa hivyo, fungasha kwa kuzingatia mahali utakapokuwa, wala si kwa kuhesabu siku pekee.

Hali ya hewa

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki hukamilika rasmi Novemba 30. Mwezi Desemba, mchana visiwani huwa na joto ambalo mkazi wa Mombasa au Malindi hataliona geni. Hata hivyo, usidanganyike ukaacha nguo nzito zote nyumbani. Upepo wa usiku kwenye sitaha huwa mkali meli inapokwenda, na viyoyozi katika kumbi za chakula na maonyesho hutoa baridi ya kutetemesha. Sweta moja nyepesi au shali itakufaa kila jioni.

Mchana

Kaptura, fulana, suruali nyepesi na magauni ya pamba yanatosha. Beba mavazi mawili ya kuogelea ili moja likiwa bado halijakauka uwe na jingine. Kumbuka kwamba vazi la kuogelea haliruhusiwi katika kumbi rasmi za chakula. Hapa ndipo leso ya kwetu inapowashinda wenzake: utajifunga ukitoka kwenye kidimbwi, utajitanda jua likizidi, na utaitandika mchangani ukishuka ufuoni.

Kwa upande wa viatu, ndara ni za kidimbwini. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza unapopanda na kushuka ngazi za meli. Viatu vya visigino virefu na vyembamba vina hatari yake, kwani sakafu inaweza kuyumba hata bahari inapoonekana tulivu.

Jioni rasmi

Katika safari ya usiku saba, kampuni nyingi hutenga jioni mbili za mavazi rasmi, na aghalabu mojawapo huangukia sikukuu. Masharti hutofautiana. Cunard, kampuni ya Uingereza yenye meli ya Queen Mary 2, hushikilia desturi za zamani: wanaume huvaa koti rasmi la jioni au suti nyeusi pamoja na tai, nao wanawake huvaa magauni ya karamu. Norwegian Cruise Line, kwa upande wake, ilianzisha mwaka 2000 utaratibu unaompa abiria uhuru mkubwa wa kuchagua avae nini na ale saa ngapi. Kampuni nyingine nyingi ziko kati ya mikondo hiyo miwili. Soma masharti ya meli yako kabla ya kununua chochote. Asiyependa kujipamba anaweza kula katika ukumbi wa kujipakulia, wala hatalaumiwa na mtu.

Hapa ndipo wazazi wetu wengi hujiingiza katika gharama zisizo na lazima. Masharti ya Cunard yanaruhusu waziwazi vazi rasmi la kitaifa mahali pa koti la jioni. Mzee wa Lamu mwenye kanzu safi, koti jeusi na kofia ya viua hana haja ya kukodi mavazi ya watu. Mama mwenye gauni refu la kitenge lililoshonwa kwa ustadi atakuwa amevaa rasmi sawa na yeyote ukumbini. Ila shati la kitenge juu ya suruali ya jinzi halihesabiwi kuwa vazi rasmi. Ukiwa na shaka, iulize kampuni kwa barua pepe kabla ya safari, na uhifadhi jibu lake.

Ni kweli kwamba Kenya haina vazi moja la taifa. Jitihada za kulibuni mwaka 2004 hazikushika mizizi, na Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni ya Kiafrika bungeni. Inashangaza kwamba vazi linalozuiwa katika jengo letu wenyewe jijini Nairobi huenda likapokelewa kwa heshima mezani pa wageni.

Nchi kavu

Onyo kubwa ni kuhusu nguo zenye mabaka kama sare za jeshi. Barbados, Jamaika, Trinidad na Tobago, Saint Lucia na visiwa vingine kadhaa vya Karibea humkataza raia kuzivaa, na nchini Barbados hata mtoto hasazwi. Anayekiuka sheria anaweza kunyang'anywa nguo hiyo au kutozwa faini. Usiifungashe kabisa, iwe kaptura, kofia au mkoba. Mkenya hapaswi kuliona jambo hili kuwa la ajabu, kwani hata hapa nchini raia hana ruhusa ya kuvaa sare za jeshi.

Vilevile, vazi la kuogelea ni la ufuoni. Kutembea nalo mjini au dukani huwaudhi wenyeji wa visiwa hivyo, sawa na vile kungewaudhi watu wa Lamu.

Pasi na mizigo

Usibebe pasi ya umeme. Meli nyingi hazikubali pasi chumbani kwa kuhofia moto, na wakaguzi huichukua bandarini. Chagua vitambaa visivyojikunja, au ulize iwapo meli ina chumba cha kufulia chenye pasi.

Siku ya kwanza, masanduku hukabidhiwa wapagazi bandarini na huenda yasifike chumbani hadi jioni. Katika mkoba wa mkononi weka pasipoti, dawa, vazi la kuogelea na nguo za kubadilisha.

Usiku wa mwisho, abiria huweka masanduku nje ya mlango ili yateremshwe. Kabla hujalifunga lako, toa nguo na viatu vya asubuhi. Wapo waliofungasha kila kitu na kupambazukiwa wakiwa na nguo za kulalia tu, huku sanduku likiwa limeshafika ghalani.

Mwisho, usikope fedha ili kununua nguo za kuvaa usiku mmoja. Vazi la harusi lililotunzwa kabatini, likifuliwa na kunyooshwa vyema kabla ya kuondoka, litatosha kwa jioni zote mbili. Abiria wenzako hawatajua kwamba ulilivaa jana yake, na wakijua, meli itakuwa imekwisha kufika bandarini.