Minong'ono Katika Jumba la Malkia

Leo twazungumza juu ya uvumi, na mfano wetu watoka katika historia ya Uingereza, mwaka 1839. Malkia Victoria, ambaye ziwa letu kubwa limeitwa kwa jina lake, alikuwa msichana wa miaka 19, naye alikuwa ametawala mwaka mmoja na nusu tu.

Jumba la kifalme ni kubwa, lakini wakaao ndani yake ni kama watu wa kijiji kidogo. Huonana kila siku, na kila mmoja hujua nani ametembea na nani. Miongoni mwao alikuwamo Lady Flora Hastings, mwanamke asiyeolewa, mhudumu wa mama yake malkia. Mwezi wa Januari alirudi kutoka Scotland katika gari moja na Sir John Conroy, mwanamume mwenye mke, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya huyo mama. Mara Flora akashikwa na maumivu ya tumbo, akaenda kwa daktari wa malkia, Sir James Clark. Tumbo likaonekana kuvimba.

Basi watu wakaunganisha safari na tumbo. Malkia mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba Flora ni mja mzito, na kwamba Conroy ndiye aliyemharibu. Kwa nini aliamini upesi hivyo? Kwa sababu alimchukia Conroy tangu zamani. Ndugu zetu, habari mbaya za mtu tusiyempenda hazihitaji shahidi mioyoni mwetu.

Flora alipoulizwa usoni pake, jumba zima lilikuwa limekwisha kumhukumu. Tarehe 17 Februari alikubali kupimwa na madaktari wawili, nao wakatia sahihi cheti kwamba hajamjua mwanamume. Malkia akamwomba radhi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Cheti kilikuwa karatasi moja. Midomo ilikuwa mingi. Jamaa zake Flora wakapeleka barua magazetini, na malkia akazomewa hadharani katika mashindano ya farasi huko Ascot. Tarehe 5 Julai Flora akafariki, mwenye umri wa miaka 33. Mwili ulipopasuliwa, ilionekana kwamba ini ndilo lililokuwa limevimba mno. Yule mgonjwa alikuwa amehitaji faraja, akapewa aibu.

Je, sisi tu wema kuliko watu wa jumba lile? Dada wa kwaya akisindikizwa na mzee wa kanisa baada ya mazoezi, twasema nini njiani? Msichana akikosa ibada majuma matatu, twahesabu miezi? Tena sisi Wakristo tunayo njia yetu ya kuficha uvumi: twauvika vazi la sala. Twasema, "Tumwombee dada fulani, maana tumesikia jambo." Kabla ya amina, jambo limefika mtaa wa pili.

Bwana wetu, katika Mathayo 18, alituagiza kumwendea ndugu aliyekosa tukiwa peke yetu naye kwanza. Tuangalie kwamba agizo hilo lamhusu mtu aliyekosa kweli. Ikiwa mkosaji astahili kuendewa kwa siri na kwa upendo, je, yule tunayemshuku tu? Tukimwendea, huenda tutakuta dhambi, nasi tutamsaidia kutubu. Huenda pia tutakuta ugonjwa, au njaa, au huzuni asiyokuwa na wa kumwambia.

Juma hili, habari ya mtu ikitufikia, na ikome kwetu. Tuchukue viatu vyetu, tumwendee mwenyewe, tumwulize: "Dada, u hali gani?"

Ee Bwana, utuwekee mlinzi midomoni, utupe miguu ya kuwaendea wenzetu. Amina.